Kipokezi: Kilichotibu Watu Kabla Hakijaonekana

Msuli wa kuku ulikuwa umekatwa neva zake, na neva zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa. Wanasayansi wa zama hizo waliamini kwamba nikotini hukunja msuli kwa kuzichokoza ncha za neva. Mwaka 1905, huko Cambridge, Uingereza, John Newport Langley aliutia nikotini msuli huo. Ukajikunja!

Kisha akatumia kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini. Nikotini ikashindwa kufanya lolote, ingawa msuli ulipopitishiwa umeme moja kwa moja ulijikunja bila shida. Kumbe kurare haikuua msuli, na nikotini haikuhitaji neva. Langley akakata shauri kwamba ndani ya seli ya msuli kuna kitu ambacho kemikali zote mbili hukigombea, na ndicho kinachopokea ujumbe. Leo huitwa kipokezi.

Wazo hilo lilichelewa kukubalika. Hata Henry Dale, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kuonyesha kwamba neva hutuma ujumbe kwa kemikali, alilitilia shaka kwa miaka mingi.

Kitendawili kikubwa kilikuwa adrenalini. Homoni hiyo hiyo hubana mishipa ya damu mahali fulani na kuitanua kwingine, hukimbiza moyo, hufungua njia za hewa. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, wa jimbo la Georgia, Marekani, alilinganisha nguvu za dawa sita za jamii ya adrenalini. Akaona zinajipanga kwa namna mbili tu, kutegemea kiungo. Basi tofauti haikuwa kwa mjumbe, ilikuwa kwa mpokeaji: kuna vipokezi vya alfa na vya beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa.

James Black, daktari Mskoti, aliichukua hoja hiyo kwa uzito wote. Alitaka kuupunguzia kazi moyo wenye uhaba wa oksijeni, akatengeneza propranolol, inayoziba vipokezi vya beta, vikiwamo vya moyo. Salbutamoli, ambayo wagonjwa wa pumu huivuta kifua kinapobana, hufanya kinyume: huviamsha vipokezi vya beta vya njia za hewa. Ndiyo maana mwenye pumu huonywa asitumie propranolol. Dawa zote mbili zilikuwa madukani kabla mtu yeyote hajakiona kipokezi chenyewe, na huo ni ushindi wa fikra unaostahili heshima kubwa.

Kukiona kuliwachukua wanasayansi Robert Lefkowitz na Brian Kobilka miongo kadhaa. Mwaka 1986 jeni ya kipokezi cha beta ilipojulikana, ilionekana kufanana na ile ya kipokezi cha mwanga katika jicho. Ukoo mzima wa vipokezi ukafichuka, vikiwamo vile vya kunusia harufu. Mwaka 2011 kundi la Kobilka likatoa picha ya kipokezi cha beta kikiwa kazini: nje ya seli kimeshikwa na kemikali, ndani kimeshikana na protini iitwayo G, tayari kuupitisha ujumbe. Mwaka uliofuata wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.