Kwa nini CD ziligoma kwenye kompyuta za Sun?

Leo tuzungumzie kifaa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kwenye karibu kila kompyuta na hakuna aliyekijali: kisomaji cha CD. Unatumbukiza sahani, inazunguka, basi. Lakini kuna watu waliohangaika nacho hasa. Hao ni wenye kompyuta za Unix za miaka ya 1980 mwishoni na 1990 mwanzoni.

Tuchukue mfano wa Sun Microsystems, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1982. Jina lake lilitokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Sun haikuuza kompyuta za kuandikia barua. Wateja wake walikuwa mainjinia, wanasayansi na vyuo vikuu. Mwaka 1989 ikatoa SPARCstation 1, mashine bapa ambayo watu waliifananisha na boksi la piza.

Zamani programu za mashine hizi zilikuja kwenye kanda za sumaku. Kanda moja ya aina iliyozoeleka ilibeba megabaiti 150, wakati CD moja ilibeba zaidi ya 600. Ndiyo maana Sun ikaanza kuusambaza mfumo wake wa SunOS kwa CD. Maana yake ni hii: diski yako ikifa na huna kisomaji kinachoelewana na mashine, kompyuta ya maelfu ya dola inabaki kuwa pambo la mezani.

Sasa ugomvi ulitoka wapi? Haukuwa kwenye waya. Waya wa SCSI ulikuwa na kiwango rasmi tangu mwaka 1986. Kila kifaa kilipewa namba, kuanzia 0 hadi 7. Kompyuta yenyewe ilichukua 7, na kwenye Sun kisomaji cha CD kilizoea kukaa namba 6. Mwisho wa waya ulifungwa kizibo maalum ili mawimbi ya umeme yasirudi nyuma na kuvuruga mawasiliano. Ukifanya yote hayo sawasawa, bado mashine ingeweza kukataa kuwaka kutoka kwenye CD!

Chanzo ni muziki. CD ya Philips na Sony iliingia sokoni mwaka 1982 kwa ajili ya nyimbo. Sekunde moja ya muziki hugawanywa vipande 75, kila kimoja baiti 2352. Kwenye wimbo, kosa dogo sikio halilisikii. Kwenye programu, baiti moja ikiharibika kazi yote inaweza kuharibika. Kwa hiyo walipoigeuza CD iwe ya kubeba data, walitenga sehemu ya kila kipande kwa alama za utambulisho na hesabu za kusahihisha makosa. Zikabaki baiti 2048.

Upande wa pili, diski za kompyuta za Unix zilisomwa kwa vipande vya baiti 512. Programu ndogo iliyokaa ndani ya chipu ya Sun, ile inayoamka kwanza ukiwasha mashine, ilijua kipimo hicho tu. Inaomba kibaba, inaletewa pishi!

Dawa ilikuwa rahisi, kwa sababu 2048 ni 512 mara nne kamili. Kisomaji chenyewe kingeweza kukata kila kipande mara nne kabla ya kukituma. Visomaji vyenye nembo ya Sun vilikuja vimeshapangwa hivyo, ingawa ndani vilikuwa kazi ya Sony au Toshiba. Baadhi ya visomaji vya Plextor vilikuwa na kijipini cha kuhamisha nyuma. Vingine vilitaka ufungue boksi na kugusa bodi kwa chuma cha kulehemu. Aliyejua siri hiyo hakulazimika kununua chenye nembo. Asiyejua alilipa, au alikaa na mashine iliyokufa.

Hapo ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Tundu kuingiliana na plagi si kuelewana. Watengenezaji wa muziki na watengenezaji wa Unix walichagua vipimo vyao kila mmoja kwa sababu nzuri, na mzigo ukamwangukia mnunuzi.

Sun ilinunuliwa na Oracle, na mauzo yakakamilika Januari 2010. Wanaotunza mashine zake hadi leo bado hutafuta visomaji vya 512, au hutumia vifaa vidogo vinavyojifanya CD huku vikisoma kadi ya kumbukumbu. Na 512 haijafa. Diski nyingi za kisasa zina vipande vya baiti 4096, lakini nyingi kati yake hujitambulisha kwa kompyuta kama za 512, ili programu za zamani zisigome. Safari hii angalau, kazi ya kutafsiri haikuachiwa mnunuzi.