Mwindo wa Walikale: maajabu yaliyosimuliwa kabla ya vitabu vya maajabu

Mubambiro, Masisi – Barabara inayopanda kutoka Sake kuelekea Walikale inaingia katika nchi ya hadithi moja inayosomwa hata katika vyuo vikuu vya Marekani. Lakini mtoto wa Walikale aliyezaliwa kambini anaweza kukua bila kuisikia. Ni karisi ya Mwindo, hadithi ndefu ya Banyanga.

Mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, mtafiti Daniel Biebuyck alimpata msimulizi Candi Rureke. Kwa siku 12 Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, watu wakimwitikia, na maneno yakaandikwa kwa Kinyanga. Huko Uingereza, Tolkien alikuwa ametoka tu kumaliza kutoa The Lord of the Rings (1954–1955), kitabu ambacho wengi wanahesabu riwaya za maajabu za kisasa kuanzia kwake. Rureke hakuhitaji kitabu hicho. Yake aliirithi kwa waliomtangulia.

Na ni maajabu kweli! Chifu Shemwindo wa Tubondo anakataza wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, na siku hiyohiyo anatembea na kusema, mkononi ana conga, usinga wa mkia wa nyati. Baba anamrushia mikuki, inamkosa. Anamzika, anatoka. Mwishoni anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma haizami: inaimba juu ya maji, na Mwindo anaenda kumtafuta shangazi yake Iyangura. Aliyefukuzwa kwao na kupokelewa na ndugu wa baba hahitaji kufafanuliwa sehemu hiyo.

Baadaye Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu. Hamwui, anamrudisha nyumbani, wanapatana na kugawana nchi.

Wengi wanaishia hapo, na ni hasara. Mwindo, sasa chifu, anaua Kirimu, joka la vichwa saba, rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anampandisha mbinguni mwaka mzima, ateswe na baridi, mvua na jua. Shujaa mwenye majivuno anashuka akiwa amekatazwa kuua wanyama.

Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, walichapisha kitabu mwaka 1969, huko California. Tafsiri ni ya Kiingereza, lakini Kinyanga cha Rureke kimo humo pia. Anayekijua Kinyanga anaweza kuwasomea watoto kwa sauti.