Usiku wa Mwisho Jukwaani: Vijana wa Sarafina! na Tatizo la Kuagana

Wahakiki wa tamthilia wamezoea kuutazama usiku wa kwanza. Tarehe ya uzinduzi ndiyo inayonukuliwa vitabuni, waandishi wa magazeti hualikwa usiku huo, na maoni yachapishwayo kesho yake ndiyo yanayohifadhiwa kama ushahidi wa namna kazi ilivyopokewa. Usiku wa mwisho hupewa sentensi moja tu: kwamba mchezo ulifungwa tarehe fulani baada ya maonyesho kadha wa kadha. Makala hii inashikilia kwamba, kwa aina moja ya sanaa ya jukwaani, yaani tamthilia ya nyimbo inayoigizwa na vijana, pengo hilo si dogo. Katika kazi za namna hiyo kuagana ni sehemu ya matini, na mhakiki anayekupuuza huwa ameiacha kazi kabla haijamaliza kusema. Mfano wetu mkuu ni Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyofungwa New York Julai 2, 1989.

Kwa nini vijana? Mwigizaji aliyekomaa anaweza kuirudia nafasi yake kwa miaka ishirini, na mchezo ukifungwa leo huenda akaitwa tena muongo ujao. Mtoto anayeigiza mtoto hana fursa hiyo. Amewekeana mkataba na mwili wake mwenyewe, na mwili haujui kutia sahihi. Huko Marekani, Annie ilipodumu Broadway tangu Aprili 1977 hadi Januari 2, 1983, ikafikisha maonyesho 2,377, nafasi ya yule msichana yatima ilibidi ipokezanwe, kwa kuwa kila aliyeishika alikua akaipita. Nchini Uingereza, Billy Elliot ilionyeshwa katika ukumbi wa Victoria Palace, London, kuanzia 2005 hadi Aprili 2016. Humo nafasi ya mhusika mkuu iligawanywa kati ya wavulana kadhaa kwa wakati mmoja: sheria huwekea mipaka kazi ya watoto majukwaani, na sauti ya mvulana hubadilika abaleghepo. Hivyo kila mvulana alikuwa na usiku wake wa mwisho kabla mchezo wenyewe haujafikia wake. Septemba 28, 2014, waliopata kuwa Billy pamoja na waliokuwa Billy wakati ule, jumla yao 25, walicheza pamoja katika jukwaa lile lile, na safu ile ya wachezaji ikawa kama daftari la kuagana kwa miaka 9. Lakini mvulana wa London akishaagwa, hurudi shuleni. Swali gumu zaidi ni la yule ambaye shule yenyewe ndiyo uwanja wa vita.

Ngema hakuanzia kwa vijana. Alipitia mikononi mwa Gibson Kente, mtunzi aliyeilea tamthilia ya nyimbo katika vitongoji vya Waafrika, kisha akashirikiana na Percy Mtwa na Barney Simon kuitunga Woza Albert! mwaka 1981, na baadaye akaandika Asinamali!. Kazi hizo mbili zilikuwa za wanaume wachache, jukwaa tupu na miili inayogeuka kuwa kila kitu. Sarafina! ilihitaji umati. Ngema alikusanya vijana kutoka vitongojini, wengi wao wasiojulikana, akawafundisha kuimba, kucheza na kuigiza kwa pamoja. Leleti Khumalo, aliyezaliwa KwaMashu karibu na Durban mwaka 1970, alitoka katika kikundi cha vijana cha mtaani kwao. Mchezo ulianza Juni 1987 katika Market Theatre, Johannesburg, ukumbi uliofunguliwa Juni 1976, siku chache tu baada ya risasi za Soweto. Oktoba 1987 ulihamia Lincoln Center, New York, na Januari 28, 1988 ukaingia Broadway katika ukumbi wa Cort. Huko ulionyeshwa mara 597. Khumalo alikuwa na miaka 17 ulipoanza. Ulipofungwa alikuwa na 19.

Kisa chenyewe kinafahamika. Wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto, shule iliyokuwa miongoni mwa chimbuko la maandamano ya Juni 16, 1976, wanaendelea na masomo chini ya bunduki za askari. Wanakamatwa, wanazikana, wanamsimulia wakili Victoria Mxenge aliyeuawa Agosti 1985. Katikati ya hayo yote wanatayarisha tamasha la kufunga mwaka wa shule. Katika tamasha hilo wanaigiza siku ambayo bado haijafika: siku ya kuachiliwa kwa Nelson Mandela. Sarafina ndiye anayekuwa Mandela.

Hapa ndipo hoja yetu inapokita. Tamasha la kufunga mwaka ni tamasha la kuagana. Mwanafunzi wa darasa la mwisho hupanda jukwaani akijua kwamba kesho sare haitakuwa yake. Ngema ameuchukua utanzu huu wa kawaida kabisa, ambao kila mzazi wa Afrika amewahi kuketi katika kiti kigumu kuutazama, akaufanya kiunzi cha tamthilia nzima. Kwa hiyo vijana wa Sarafina! walikuwa wakiigiza usiku wa mwisho kila usiku. Usiku wa mwisho wa kweli ulipofika, hapakuwa na haja ya kubuni sherehe: matini ilikuwa imeuandaa tayari. Kijana aliyeigiza mwanafunzi anayeaga aliaga kwa maneno na nyimbo za mwanafunzi huyo. Tofauti ya mwigizaji na mhusika, ambayo nadharia za tamthilia hutumia kurasa nyingi kuitetea, ilibaki nyembamba kama pazia.

Hata hivyo, urudiaji una gharama yake, na mhakiki hana budi kuitaja. Utaratibu wa Broadway ni maonyesho 8 kwa juma. Hii ina maana kwamba msiba ule ule uliliwa kwa ratiba, alasiri na usiku, mbele ya hadhira iliyolipa tikiti. Wapo waliouona mchezo huu kuwa mchangamfu kupita kiasi, kana kwamba mbaqanga ilikuwa ikiyafunika majeraha. Rai hiyo haitutoshi. Anayejua mazishi ya Soweto ya miaka ile anajua kwamba uchangamfu haukuletwa na mtunzi kwa ajili ya wageni. Watu waliimba na kucheza wakielekea makaburini. Lawama yenye uzito zaidi ni nyingine. Broadway iliweza kuendelea kulionyesha jambo hili muda wote hadhira ilipolihitaji, na kuliacha hadhira ilipochoka, ilhali hali yenyewe kule Afrika Kusini haikuwa na tarehe ya kufungwa. Hali ya hatari iliyotangazwa nchi nzima Juni 1986 ilikuwa ikiongezwa muda kila mwaka, na iliongezwa tena Juni 1989, majuma machache kabla ya pazia la New York kushuka.

Kuagana huku kulikuwa na kumbukumbu nyuma yake. Muziki wa Sarafina! ulitungwa na Ngema pamoja na Hugh Masekela, na jina la Masekela linatupeleka hadi Februari 1959, ilipozinduliwa Johannesburg tamthilia ya nyimbo iitwayo King Kong. Masekela, kijana wa miaka 19, alipiga tarumbeta katika okestra yake. Miriam Makeba aliimba nafasi ya mwanamke mkuu. Makeba aliondoka nchini mwaka huo huo, na Masekela akamfuata mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville. Makeba alipotaka kurudi kumzika mama yake mwaka 1960, alikuta pasi yake imebatilishwa. King Kong yenyewe ilivuka hadi London Februari 1961. Mei 31 mwaka huo, mchezo ukiwa bado jukwaani, Afrika Kusini ikawa jamhuri na kuondoka katika Jumuiya ya Madola. Mkataba wa London ulipokwisha, kila mwanakikundi alilazimika kuamua: meli ya kurudi, au baridi ya ugenini. Joe Mogotsi, Nathan Mdledle na Peggy Phango ni miongoni mwa waliobaki. Kwa kizazi kile usiku wa mwisho wa mchezo ulikuwa usiku wa kwanza wa uhamisho, na jiji la Johannesburg likapoteza kwa mkupuo mmoja sauti ambazo lilichukua muongo mzima kuzilea.

Makeba, ambaye wasomaji wetu wanamkumbuka kwa alivyoisambaza Malaika ulimwenguni, anaonekana katika filamu ya hali halisi ya Nigel Noble, Voices of Sarafina!, ya mwaka 1988, akikutana na vijana wa Ngema huko New York. Mwanamke aliyeondoka na mchezo akazuiliwa kurudi amesimama mbele ya vijana ambao mchezo wao nao utafungwa. Wao walikuwa na nyumba za kurudia. Lakini walirudi wapi? Kulikuwa na shule zilizosusiwa kwa miaka kadhaa, ambako kauli ya uhuru kwanza, elimu baadaye ilikuwa imekatiza masomo ya maelfu. Aliyeondoka Johannesburg 1987 akiwa na umri wa kukaa darasani, na kuivaa sare ya jukwaani kwa takriban miaka miwili, aliirudisha sare ile stoo akiwa mtu mzima. Jukwaa lilikuwa limempa umaarufu, nauli na taaluma. Mwaka wa shule ambao mchezo uliufunga kila usiku halikumpa.

Sasa tuitazame tarehe. Tangu Julai 2, 1989 hadi Februari 11, 1990 ni siku 224. Mara 597 katika ukumbi wa Cort peke yake, msichana aliyevaa kama Mandela alikuwa ametoka gerezani mbele ya hadhira ya New York, wakati nchini mwake picha za mfungwa huyo na maneno yake vilikatazwa kuchapishwa. Kisha mchezo ukafungwa akiwa bado gerezani. Miezi saba na siku chache baadaye akatoka kweli kweli, kwa miguu, akiwa ameshikana mkono na mkewe. Tunathubutu kusema kwamba hili ndilo lililoipa Sarafina! ya 1987 hadi 1989 upekee wake katika historia ya tamthilia. Ilikamilika ndani ya muda wa kutojua. Hakuna hata mmoja wa vijana waliopiga magoti ya kuaga usiku ule aliyeigiza ule mwisho akiwa na hakika nao. Utabiri ni tendo la lugha lenye kuhitaji kwamba jambo halijawa. Likishakuwa, maneno yale yale hugeuka taarifa.

Ndiyo maana matoleo yaliyofuata yana ugumu ambao hautatuliwi kwa ustadi. Filamu ya Darrell James Roodt ilitoka 1992, Khumalo akiivaa tena sare akiwa na miaka 22, Mandela akiwa huru kwa miaka miwili. Ni filamu nzuri kiasi, na ndiyo iliyoifikisha Sarafina kwa watazamaji wa Kenya walio wengi, lakini wimbo wa kuisubiri kesho unaimbwa humo na watu wanaojua kesho ilikuwaje. Kuhusu Sarafina II, mchezo wa uhamasishaji kuhusu UKIMWI ambao wizara ya afya ya serikali mpya iliugharimia kwa mkataba wa zaidi ya randi milioni 14 na ambao ulisitishwa mwaka 1996 katikati ya kashfa, tunaweza kusema kwa ufupi kwamba jina lilikuwa limekataa kuagwa.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake ya kulitafakari suala hili. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ilianza mapema Oktoba 1977 na kupokonywa kibali Novemba 16 mwaka huo huo. Waigizaji wake hawakuaga; waliambiwa. Mwaka 1982 Maitũ Njugĩra, tamthilia iliyosheheni nyimbo za jamii mbalimbali za nchi, ilinyimwa Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, na watu kwa maelfu wakaiona katika mazoezi tu, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi mazoezi nayo yakakomeshwa. Huo ni mchezo uliokuwa na mwisho bila ya kuwa na mwanzo. Machi 1982 jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Isitoshe, katika tamasha zetu za drama za shule, kikundi hupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi siku majaji wanapoliruka jina lake. Kwa sehemu kubwa ya vijana wetu, onyesho la mwisho hutambulikana kuwa la mwisho baada ya kwisha, wakiwa wamekwisha kuvua mavazi na basi limewashwa injini.

Sarafina! nayo imekwisha kuigizwa Nairobi, katika Ukumbi ule ule wa Kitaifa uliowafungia mlango watu wa Kamĩrĩĩthũ, na vijana waliozaliwa baada ya Februari 1990. Mwelekezaji anayewafundisha ana uamuzi wa kufanya ambao Ngema hakuulizwa: kama kijana atakayevaa kama Mandela aizungumze hotuba ile kwa sauti ya anayekumbuka, au kwa sauti ya mwanafunzi wa 1987 ambaye mwaka wake wa shule unafungwa kesho na ambaye askari bado yuko mlangoni.