Makosa Yaliyopata Cheo

Kalamu nyekundu ya mwalimu mara nyingi huwa na hasira kuliko maarifa. Mwanafunzi akiandika neno la Kiingereza kama alisikiavyo, twamwita mzembe. Yafaa basi, walimu wenzangu, tutazame historia ya maneno machache ya lugha hiyo, tuone ni nani aliyeanza kukosa.

Neno "debt", yaani deni, Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa likiwa "dette". Herufi b haikuandikwa wala haikutamkwa. Wanazuoni waliokitukuza Kilatini ndio walioichomeka, ili neno lifanane na "debitum". Neno la kisiwa nalo, "iland", lilikuwa la Kiingereza cha asili. Katika karne ya 16 likatiwa s kwa kufananishwa na "isle", neno lenye asili ya Kilatini ambalo halina udugu nalo. Kosa hilo la wasomi limekuwa sheria, na leo mtoto asiyeliandika hukatwa alama.

Masikio nayo yalikosa. Vazi la kujikinga jikoni liliitwa "napron". Waliosikia "a napron" wakadhani wamesikia "an apron", na n ikahama hata leo. Njegere ziliitwa "pease". Kwa kuwa neno hilo liliishia kwa sauti iliyofanana na ya wingi, watu wakaukata mwisho wake, wakajipatia umoja mpya: "pea".

Maana pia husafiri. "Nice" ya leo ni sifa ya kitu kizuri au mtu mwema. Zamani, ikitokana na "nescius" ya Kilatini, ilikuwa ni mjinga asiyejua kitu. "Silly" imekwenda njia ya kinyume: ilianza kwa maana ya mwenye heri, ikashuka hatua kwa hatua hadi kuwa mpumbavu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alitumaini hapo kwanza kuifunga lugha isibadilike. Katika dibaji ya kamusi hiyo hiyo alikiri kwamba tumaini hilo halikuwa na msingi.

Je, sisi tu wageni wa mambo haya? Hata kidogo. Neno la Kiarabu "kitab" halina kiambishi ki-, lakini Waswahili walikiona humo, wakasema kitabu, vitabu. Kibao cha barabarani chenye amri ya Kiingereza ya kupita kushoto kilitupa kipilefti, na vipilefti vikafuata. "Mudguard" ya gari ikawa madigadi, na kwa kuwa ma- ni alama ya wingi, moja ikaitwa digadi. Ndiyo njia ile ile ya njegere za Waingereza.

Sisemi tuache kusahihisha. Mtihani wataka tahajia ya leo, na mwanafunzi ana haki ya kufundishwa. Lakini sisi tunaofundisha mbali na pwani, ambao usemi wa wanafunzi wetu huchekwa mara kwa mara, hatuna budi kutofautisha uzembe na kosa lenye sababu. Kabla ya kupiga mstari mwekundu, tumwulize mtoto: umefikaje hapa? Huenda amepita njia waliyopita wanazuoni, ila yeye hakubahatika kufuatwa na wengi.