Wakfu wa Elimu ya Bahari



Bibi zetu visiwani waliijua wakfu: aliyejaaliwa aliacha nyumba au shamba, pato lake likasaidia msikiti na chuo. Elimu ya bahari nayo imekuzwa kwa mikono ya watoaji. Mwaka 1978 ilianzishwa Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari. Mwaka 1993 ikazaliwa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, yenye makao yake hapa hapa Zanzibar. Kwa msaada wa Sweden, imewapa watafiti chipukizi ruzuku za utafiti.

Faida tunaiona pwani. Kilimo cha mwani kilianza 1989, kikashikwa na akina mama. Maji yalipopata joto na mwani kufa, mtafiti wa taasisi hiyo, Dkt. Flower Msuya, alishirikiana nao kujaribu kupanda kwenye maji ya kina zaidi, na kutengeneza sabuni ya mwani.

Basi, bibi harusi mtarajiwa, ukiwa na ndoto ya masomo, izungumze kabla ya nikaha, si baada ya fungate. Nasi tuliojaaliwa tumsomeshe japo binti mmoja. Elimu yenye manufaa haizikwi na mwenyewe.