Hela ya vita: kutoka Roma hadi Tabora

Kila siku tunasema "sina hela". Wangapi tunajua neno hili lilikotoka? Limetokana na Heller, sarafu ya Mjerumani. Mwaka 1904 serikali yake hapa iliigawa rupia kuwa heller 100, badala ya zile pesa 64 za mwanzo. Mjerumani kaondoka, hela imebaki.

Lakini hela ya vita ina mambo yake. Twende Roma kwanza. Mwaka 32 KK Mark Antony alikuwa akijiandaa kupigana na Mroma mwenzake, Octavian. Askari wanataka mshahara. Akapiga sarafu za fedha, upande mmoja merikebu, upande mwingine tai wa jeshi, na ndani akachanganya shaba ili fedha itoshe. Mwaka 31 KK akashindwa kule Actium. Cha ajabu, sarafu zake zilizunguka mikononi mwa watu zaidi ya miaka 100! Watu walificha fedha safi, hii hafifu wakaitumia.

Sasa turudi kwetu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, vita ikaanza mwaka huo huo. Meli Graf von Götzen, ndiyo hii Liemba yetu, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Huko pwani Waingereza wameziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii. Serikali ikachapa noti zake za dharura hapa hapa nchini. Mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli ya Tabora nao wakaanza kupiga sarafu.

Zikatoka za heller 5 na 20, zina herufi T ya Tabora. Ikatoka na rupia 15 ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke: tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Zilipigwa kama 16,000 tu.

Hazikuendelea. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, Wabelgiji wakaingia Kigoma na kusonga mbele. Septemba 19 wakaichukua Tabora.

Swali langu: nani aliumia? Mwenye rupia ya tembo alikuwa na dhahabu, atawale Mjerumani au Mwingereza. Mkulima aliyeuza nafaka yake akapewa noti alikuwa na ahadi tu, na aliyeahidi ameshindwa vita. Askari wa Antony angalau alibaki na fedha kidogo ndani ya sarafu yake. Mkulima wetu alibaki na karatasi.

Leo sarafu ya tembo inauzwa kwa maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Wanunuzi wanasifu uzuri wake na uchache wake, na ni kweli ni nzuri. Sisi tunapoisimulia, tumkumbuke na yule aliyelipwa karatasi. Naye alikuwa na hela, mpaka siku serikali ilipobadilika.