Cherehani ya Mama, korona, na historia ya mshono mmoja

Mwezi wa Aprili 2020 cherehani ya Mama ilianza kuruka mishono. Kwa wengi hilo si jambo la kuandikia, lakini kumbukeni wakati wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alikuwa ametangazwa tarehe 13 Machi, kafyu ikaanza tarehe 27, na kuanzia tarehe 6 Aprili sisi wa Nairobi tukafungiwa ndani ya mipaka ya jiji na viunga vyake. Kisha barakoa zikawa lazima: ukikamatwa bila barakoa, faini hadi shilingi 20,000 au jela miezi sita. Ghafla mtaa mzima ukamkumbuka Mama.

Mama si fundi wa biashara. Yeye hushona mablanketi ya viraka, yale ambayo Wamarekani huyaita kwilti. Vipande vya vitenge, mashati yaliyochakaa na mapazia ya zamani vinaunganishwa kuwa uso wa juu. Katikati anaweka blanketi kuukuu, chini bitana, halafu anapitisha mshono kwenye tabaka zote tatu ili zisitembee. Cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga, yenye meza ya mbao, ambayo marehemu Baba alimnunulia mwaka 1981. Wiki mbili za barakoa usiku na mchana, ikachoka.

Mimi naandika programu, kwa hiyo nilifanya ninachokijua: kutafuta kosa liko wapi. Nikabadilisha sindano. Bado. Nikabadilisha uzi. Bado. Ikabidi nielewe kwanza mshono unatokeaje, na hapo ndipo nilipozama katika historia hii.

Tatizo la kwanza la wavumbuzi lilikuwa hili: mkono hupitisha sindano nzima upande wa pili na kuirudisha, lakini mashine haiwezi kuiachia sindano. Mshonaji wa Kifaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza mwaka 1830 kwa mashine yenye ndoana na uzi mmoja. Alikuwa na mashine kama 80 mjini Paris zikishona sare za jeshi. Mwaka 1831 washonaji wenzake, wakihofia riziki yao, walivamia na kuzivunja. Hofu ya mashine kula kazi za watu haikuanza na kompyuta, jamani!

Mshono wake uliitwa wa mnyororo. Ukitaka kuuona, angalia mdomo wa gunia la sukari. Ukipata uzi wenyewe na kuvuta, wote unafumuka. Kwa gunia ni sawa, kwa suruali ni aibu.

Dawa ilikuwa nyuzi mbili. Mmarekani Walter Hunt alitengeneza mashine ya namna hiyo miaka ya 1830 lakini hakuichukulia hataza. Elias Howe aliichukua yake tarehe 10 Septemba 1846. Siri iko kwenye sindano: tundu liko karibu na ncha, si mwishoni. Sindano inashuka na uzi wa juu. Inapoanza kupanda, uzi unalegea na kufanya kitanzi kidogo ubavuni mwake. Hapo uzi wa chini unapitishwa ndani ya kitanzi, na nyuzi mbili zinakabana katikati ya kitambaa. Kwa Howe, kazi hiyo ilifanywa na kijichombo kinachokwenda na kurudi. Allen Wilson akaleta ndoana inayozunguka bobini, pamoja na yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa. Isaac Singer, mwaka 1851, akaleta sindano ya wima, mguu wa kukandamiza kitambaa, na kanyagio.

Baada ya hapo, mahakamani! Kila mtu alishika kipande kimoja, na hakuna aliyeweza kuuza mashine nzima bila kushtakiwa na mwenzake. Mwaka 1856 Howe na kampuni tatu kubwa, pamoja na ya Singer, waliweka hataza zao kapu moja. Mtengenezaji mwingine alilipa ada, mwanzoni dola 15 kwa kila mashine, akaruhusiwa kutumia zote. Huo ndio muungano wa kwanza wa hataza Marekani, na simu iliyo mfukoni mwako imejaa mipango ya namna hiyo hiyo. Mwaka huo huo mshirika wa Singer, Edward Clark, akaanza kuuza cherehani kwa kulipa pole pole. Kwa hiyo lipa mdogo mdogo nayo ina babu yake.

Mwaka 1877 hataza za mwisho zikaisha muda, na yeyote akaweza kutengeneza. Cherehani zikaingia hata kwenye nyumba za maskini. Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837, alishona kwa mkono na kwa mashine kwilti yenye picha za Biblia. Mwaka 1891 dhiki ilimlazimu aiuze kwa dola 5. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Na mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipoenea duniani, wanawake wa Msalaba Mwekundu Marekani walikaa kwenye cherehani wakishona barakoa, kama Mama miaka 102 baadaye.

Hatua iliyotuokoa sisi ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Viwanda vya Japani viliiga muundo wa Singer namba 15 na kukubaliana vipimo, ili kipuri cha kiwanda hiki kiingie kwenye mashine ya kile. India na China nazo zilitengeneza za ukoo huo huo. Soma pakiti ya sindano dukani: HAx1. Ni kipimo kimoja dunia nzima.

Fundi alipoifungua ya Mama, hakuhitaji dakika tano. Ncha ya ndoana ilikuwa imelika, haikidaki tena kitanzi, hasa kwenye kitambaa kinene kinachopindisha sindano. Na mhimili wenyewe ulikuwa unacheza, kwa hiyo hata ndoana mpya isingesaidia. Kichwa kimekwisha.

Mimi nilitaka tununue ya umeme yenye kioo na mishono mia. Mama akauliza maswali mawili: stima zikipotea? Na ikiharibika nani ataifungua? Sikuwa na jibu. Tukanunua kichwa cha mtumba, cha kiwanda kingine kabisa. Kikakaa kwenye meza ya Baba, mkanda ule ule, bobini zile zile. Jioni hiyo ilishona.

Agizo la barakoa nje liliondolewa tarehe 11 Machi 2022. Mabaki ya vitambaa vyake yamekuwa blanketi, ninalojifunika mimi. Kichwa cha zamani kiko chini ya kitanda cha Mama. Niliwahi kupendekeza tukiuze kama chuma chakavu. Nikaangaliwa jicho moja tu, na sijarudia.